Hatua 21: darasa la shambulio kwa wacheza drafti wa Kasulu na Kibondo

Mchezaji wa drafti wa Kasulu hahitaji kufundishwa maana ya kulisha. Sheria ya mchezo yenyewe inambeba: kete ya mpinzani ikikaa mahali pa kuliwa, lazima uile, upende usipende. Ndiyo maana jioni, kazi zikishapungua, utamwona mtu anasukuma kizibo chake cha soda hadi mbele ya vizibo vya mwenzake, halafu anakunja mikono. Mwenzake anajua kabisa kwamba huo ni mtego. Anakula hivyohivyo, kwa kuwa hana ruhusa ya kukataa, kisha anabaki kutazama vizibo vyake vitatu vinaondolewa kwa mkupuo mmoja na mpinzani anaingia kingi. Anayelia kwamba ameonewa huchekwa. Alikuwa na nafasi ya kuuona mtego huo zamu mbili kabla.

Sataranji, ambayo vijana wengi huiita chesi, huchezwa juu ya ubao wa ukubwa uleule, miraba minane kwa minane. Lakini sheria hiyo haimo. Ukimwekea mpinzani farasi mdomoni, anaweza kumwacha akaendelea na mambo yake. Hapo mcheza drafti aliyezoea kulisha hukwama: utamtegaje mtu asiyelazimika kula? Jibu ni kwamba mshambuliaji wa sataranji huitengeneza lazima yeye mwenyewe. Humtisha mfalme, hutishia malkia na ngome kwa wakati mmoja, huziba njia ya kutokea, mpaka mpinzani anabaki na jambo moja tu la kufanya, na jambo hilo ndilo lile mshambuliaji alilolitaka. Kuna mchezo mmoja wa ubingwa wa taifa unaoonyesha kazi hiyo vizuri kuliko maelezo ya kitabu kizima. Ulichezwa mbali sana na nyanda za juu za Kigoma, na ulimalizika kwa hatua 21 tu.

Ilikuwa Desemba 1963, katika hoteli ya Henry Hudson jijini New York. Mashindano ya ubingwa wa Marekani yalikuwa na wachezaji 12, kila mmoja akikutana na wenzake wote, kwa hiyo michezo 11 kwa kila mtu. Aliyetazamwa zaidi ni Bobby Fischer, kijana wa miaka 20 kutoka Brooklyn, aliyelelewa na mama peke yake na akaacha shule akiwa na miaka 16. Ubingwa wa taifa alikuwa ameshauchukua mara ya kwanza akiwa na miaka 14.

Raundi ya tatu alikutana na Robert Byrne, mtu wa miaka 35, msomi aliyewahi kufundisha falsafa katika Chuo Kikuu cha Indiana, mchezaji mtulivu asiyependa fujo. Kati yao kulikuwa na habari ya familia. Miaka saba nyuma, mwaka 1956, mdogo wake Robert, Donald Byrne, alicheza na Fischer hukohuko New York. Fischer alikuwa na miaka 13. Katikati ya mchezo mtoto yule alimwacha malkia wake aliwe, na kete zake zilizobaki zikamfukuza mfalme wa Donald hadi zikamfunga kwenye hatua ya 41. Magazeti ya sataranji yaliuita mchezo wa karne. Robert Byrne aliyafahamu yote hayo alipokaa kitini na kete nyeupe. Wala hakwenda kulipiza kisasi kwa papara. Alicheza kwa tahadhari kubwa, na hapo ndipo hadithi inaponoga.

Kwa asiyeijua sataranji, mambo machache yanatosha kuufuata mchezo huu. Nguzo za ubao huitwa kwa herufi, a hadi h, na safu huhesabiwa 1 hadi 8 kuanzia upande wa mweupe, hivyo kila mraba una jina lake, mathalani f2 au d4. Askari wa mbele huhesabiwa pointi moja, farasi na askofu tatu kila mmoja, ngome tano, malkia tisa. Askofu huenda mshazari, na kwa sababu hiyo anayeanza kwenye mraba mweupe hubaki kwenye miraba myeupe maisha yake yote, na wa mraba mweusi vilevile. Jambo hili la rangi ya miraba likumbukwe, maana ndilo lililomwua Byrne.

Hatua 11 za mwanzo zilipita bila kelele. Pande zote mbili ziliwaficha wafalme pembeni, zikaweka maaskofu kwenye kona wakitazama katikati ya ubao, na askari wakapangana mkabala kiasi kwamba mtazamaji angedhani watu hawa wameshakubaliana suluhu. Hatua ya 12 Fischer akaipasua amani hiyo. Alisukuma askari hadi e5 na kukubali wabadilishane. Baada ya mabadilishano akabaki na askari mmoja kwenye d5 asiye na mwenzake wa kumlinda kushoto wala kulia. Walimu wote wa sataranji hufundisha kwamba askari wa namna hiyo ni mzigo. Mpinzani humzunguka, humbana, na mwisho humla. Fischer alikubali mzigo huo ili farasi na maaskofu wake wapate njia wazi.

Byrne akaona kazi yake ni kumbana askari yule wa d5. Akahitaji ngome kwenye mraba wa d1. Alikuwa nazo mbili, moja a1 na nyingine f1, na alipaswa kuchagua. Hatua ya 14 akaipeleka ile ya f1.

Jambo dogo mno. Ngome ile ilipoondoka f1, mraba wa f2, mlango wa nyumba ya mfalme, ulibaki ukilindwa na mfalme mwenyewe tu. Kama Byrne angeipeleka ngome ya a1, mambo yangekuwa magumu zaidi kwa Fischer. Hilo lilijadiliwa kwa miaka. Fischer mwenyewe alipouchambua mchezo huu katika kitabu chake cha michezo 60, kilichotoka mwaka 1969, aliikunia kichwa ngome hiyo ya pili, na ni Yuri Averbakh wa Urusi aliyeonyesha namna ambavyo mweusi angeweza kuendelea hata hapo. Watu wazima, mabingwa wa sataranji, wakibishana miaka kadhaa juu ya ngome ipi isogee hadi d1! Wasiocheza hucheka. Wacheza drafti hawacheki, kwa kuwa wanajua kizibo kimoja cha nyuma kikisogezwa mapema mlango wa kingi uko wazi.

Hatua hiyohiyo ya 14, Fischer akarusha farasi wake d3, ndani kabisa ya upande wa mweupe. Byrne akamsogeza malkia c2. Sasa farasi yule alikuwa akitishiwa na malkia na ngome, huku analindwa na askofu mmoja tu aliyekuwa a6. Mchezaji wa kawaida angemrudisha farasi nyumbani.

Hatua ya 15 farasi akala askari wa f2.

Hapa ndipo lazima inapoanza kutengenezwa. Byrne hakulazimishwa na sheria kumla farasi huyo. Lakini kutoka f2 farasi alikuwa akiitishia ngome ya d1, na kumwacha ni kupoteza bure. Mfalme akatoka, akamla. Papo hapo farasi wa pili wa Fischer akaruka g4 na kutoa cheki, yaani kumtishia mfalme. Mfalme akarudi g1. Farasi akala askari wa e3, na kutoka hapo akawa anatishia kete tatu kwa mpigo: malkia c2, ngome d1 na askofu g2. Hesabu ikawa hivi: Fischer ametoa farasi, pointi tatu, amepata askari wawili. Yuko nyuma kwa pointi moja, na zamu ni ya Byrne.

Byrne akamwondoa malkia hadi d2. Kila aliyekuwa ukumbini alijua kinachofuata. Ngome ya d1 imekaa pale, pointi tano, farasi anaifikia. Byrne naye aliingojea hatua hiyo, na aliingojea kwa utulivu. Alikuwa ameshapima: farasi ataila ngome, ngome nyingine itamla farasi, na ingawa kwa pointi Fischer atakuwa mbele kidogo, shambulio litakuwa limekwisha, farasi wote wawili wameondoka ubaoni, na yule askari mpweke wa d5 atakuwa chakula. Byrne angeubeba mchezo taratibu mpaka mwisho.

Fischer aliiacha ngome. Farasi akamla askofu wa g2.

Mtu yeyote anayetaka kuelewa shambulio ni nini asimame hapa, aiangalie hatua hii ya 18 kwa muda mrefu. Ngome ni pointi tano, askofu ni tatu. Kwa hesabu ya dukani, Fischer alichagua hasara. Lakini askofu yule wa g2 ndiye aliyekuwa akitembea kwenye miraba myeupe kuizunguka nyumba ya mfalme. Askofu mwingine wa Byrne alikuwa a3, wa miraba myeusi, mbali, asiye na msaada. Mfalme alipomla farasi wa g2, miraba yote myeupe ya upande ule ikawa haina mwenyewe, na Fischer alikuwa bado na askofu wake wa miraba hiyohiyo, mzima, akisubiri a6. Kete yenye thamani kubwa kwenye orodha ya pointi haikuwa kete iliyokuwa ikimlinda mfalme, na Fischer alikula ile iliyokuwa ikimlinda.

Kisha hatua ya 19: askari wa d5, yule mzigo, akasogea d4 na kujitoa aliwe. Alipoliwa, mshazari mrefu kutoka b7 hadi g2 ukafunguka. Askofu akaruka kutoka a6 hadi b7, cheki. Mfalme akakimbilia f1, mahali panapoonekana salama.

Wakati huo Byrne alikuwa na farasi mzima zaidi ya mpinzani wake, na Fischer alikuwa na askari mmoja tu wa kufidia. Katika chumba cha pembeni, mabwana wakubwa wawili wa sataranji walikuwa wakiwaeleza watazamaji mchezo ulivyokwenda, na wote wawili waliamini Byrne ameshinda. Ndipo Fischer akafanya hatua ya 21: malkia kutoka d8 hadi d7. Hakutoa cheki. Hakula kete. Alisogea mraba mmoja.

Byrne akatazama, akafikiri, akasalimu amri. Baadaye aliandika mwenyewe, bila kuona haya, kwamba dakika ileile aliyokubali kushindwa wachambuzi wale walikuwa bado wanawaambia watu mweupe anashinda.

Kwa nini alikubali? Malkia wa Fischer anakwenda h3 na kutoa cheki, na hakuna kete nyeupe inayoweza kumzuia. Tuseme Byrne anamweka malkia wake f2 kujikinga, kinga inayoonekana bora. Malkia mweusi anatoa cheki h3, mfalme anarudi g1. Sasa ngome ya Fischer inashuka mpaka e1 na kujitoa bure, cheki. Ngome nyeupe inaila. Askofu mweusi wa g7 anamla farasi wa d4, na malkia wa Byrne aliyeko f2 anakuwa ameshikwa mshazarini, hawezi kuondoka kwa kuwa mfalme yuko nyuma yake. Malkia mweusi anaingia g2, na mfalme hana pa kwenda. Byrne akiamua kumla askofu huyo kwa malkia wake, g2 inabaki wazi na malkia anaingia hukohuko. Byrne aliona yote hayo kichwani akiwa amekaa kitini, na akaona hakuna haja ya kuyangoja yafanyike mbele ya watu.

Rudi nyuma uhesabu zamu. Tangu farasi aliporuka f2 hatua ya 15, Byrne hakupata hata zamu moja ya kufanya jambo lake. Alikula kwa sababu ngome yake ilitishiwa, akarudisha mfalme kwa sababu ya cheki, akamkimbiza malkia, akamla farasi, akamla askari, akamkimbiza mfalme. Sheria ya drafti ya lazima ule haikuandikwa popote katika mchezo huu, lakini Byrne aliitii hatua kwa hatua.

Mchezo huo ulipewa tuzo ya uzuri, na haukuwa peke yake mashindanoni humo. Baadaye Fischer alikutana na Pal Benko, mkimbizi kutoka Hungaria aliyekuwa ameingia Marekani miaka michache kabla. Malkia na askofu wa Fischer walikuwa wameulenga mraba wa h7, mbele ya mfalme mweusi aliyejificha h8. Ilibaki hatua moja ya kusukuma askari ili kufungua njia. Tatizo ni kwamba Benko angejibu kwa kusogeza askari wake f5 na kuziba. Hatua ya 19 Fischer akaichukua ngome yake na kuiweka f6, mbele ya pua ya askari yule, mahali inapoweza kuliwa. Ngome nzima imetolewa ili askari mmoja asisogee! Mchezo huo nao ulikwisha kwa hatua 21.

Fischer alimaliza mashindano na pointi 11 kati ya 11. Wa pili, Larry Evans, alikuwa na 7.5. Katika historia yote ya ubingwa wa Marekani hakuna mwingine aliyemaliza bila kupoteza hata nusu pointi. Zawadi ilikuwa dola 2,000. Mwaka 1972, Reykjavik, alimshinda Boris Spassky wa Urusi na kuwa bingwa wa dunia, kisha mwaka 1975 akakataa kulitetea taji, akapotelea katika maisha ya kuhamahama na maneno ya chuki yaliyowachosha hata waliompenda. Alifariki mwaka 2008 akiwa na miaka 64, hesabu ya miraba ya ubao. Robert Byrne alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 1972 na kwa zaidi ya miaka 30 aliandika safu ya sataranji katika gazeti la New York Times. Mtu aliyeshindwa vibaya namna ile ndiye aliyekuwa mwalimu wa wasomaji wengi zaidi. Hilo lina heshima yake.

Sasa turudi huku kwetu, kwa kuwa swali la msomaji wa Kibondo ni la haki: hayo ya New York yananihusu nini? Jibu fupi liko Katwe. Katika mtaa huo wa mabanda wa Kampala, Robert Katende alianza kuwafundisha watoto sataranji, na mmoja wao, Phiona Mutesi, aliyekuwa ameacha shule kwa kukosa ada, aliichezea Uganda katika Olimpiadi za sataranji za mwaka 2010 huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2012 Istanbul. Filamu iliyotengenezwa juu yake mwaka 2016, ambamo Lupita Nyong'o anacheza kama mama yake, iliwafikia hata watu wasiojua farasi anarukaje. Ng'ambo ya kusini ya Ziwa Tanganyika, Zambia, kuna Amon Simutowe wa Ndola, mtu wa kwanza kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia ngazi ya juu kabisa ya ubingwa wa sataranji, ile inayotolewa na shirikisho la dunia, FIDE. Nchi hiyo si ngeni kwa watu wa Kigoma. Meli ya Liemba kutoka Kigoma ilitia nanga Mpulungu kwa vizazi.

Mfano unaoigusa zaidi Kasulu na Kibondo uko Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya. Mwaka 2021 FIDE, kwa kushirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, ilianzisha mpango wa kufundisha sataranji katika kambi hiyo, wasichana wa shule wakiwa wa kwanza. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, na Nduta, wilayani Kibondo, ikafunguliwa upya mwaka 2015 Warundi walipomiminika. Mazingira ni yaleyale ya Kakuma: vijana wengi, muda mwingi, fedha kidogo, na lugha kadhaa. Sataranji haina lugha. Mtoto anayesema Kirundi, wa Makere anayesema Kiha na wa Uvira anayesema Kiswahili cha Kongo wanaweza kucheza saa nzima bila kuhitaji mkalimani, ingawa kwa Kiha na Kirundi mkalimani hahitajiki hata kwa maongezi.

Tena hawa si watu wa kuanzia sifuri. Burundi ina ikibuguzo, mchezo wa vishimo 32 na kete 64, ndugu wa bao letu la pwani na wa igisoro ya Rwanda. Anayecheza ikibuguzo vizuri hushika kete, huzungusha ubao mzima kichwani kabla hajazimwaga, na hujua kete ya mwisho itaangukia kishimo gani. Hesabu ya namna hiyo ndiyo Byrne aliyoifanya alipoona kifo chake bila kukingoja. Mcheza drafti naye tayari ana jicho la mtego. Pengo lililobaki kwa wote wawili ni kujifunza kwamba kwenye sataranji kete hazifanani kazi, na kwamba mtego unaweza kufunga bila sheria ya kumlazimisha mtu kula.

Hapa pana onyo, na wanaofundisha watoto wanalijua. Mchezaji mpya akishaona mchezo wa Fischer, wiki nzima inayofuata anarusha farasi f2 katika kila mchezo, na kila mchezo anashindwa. Anakumbuka kishindo, anasahau maandalizi. Fischer hakutoa farasi kwa sababu ni jasiri. Alitoa baada ya kuona ngome imeondoka f1, nguzo ya e iko wazi kwa ngome yake, askofu wa a6 ana njia wazi, na mfalme atabaki bila rafiki wa miraba myeupe. Sharti moja kati ya hayo lingekosekana, farasi yule angekuwa zawadi tu. Dawa ya ugonjwa huo ni kuandika. Katika mashindano rasmi kila mchezaji huandika hatua zake na za mpinzani kwenye karatasi, na baada ya mchezo hukaa na mwenzake kuzipitia. Mchezo wa Byrne na Fischer tunaujua leo kwa sababu uliandikwa. Kijiweni mchezo mzuri wa drafti hufa jioni ileile, hubaki majigambo.

Vifaa visiwe kisingizio. Ubao wa drafti wa miraba minane kwa minane unafaa kwa sataranji bila kubadilishwa chochote. Kete 32 fundi seremala anaweza kuzichonga kwa mabaki ya mbao, na mwanzoni hata vizibo vilivyobandikwa karatasi zenye herufi vinatosha. Vya mweusi vilale kifudifudi, vya mweupe vitazame juu, kama ilivyo kwenye drafti. Mwenye simu janja anaweza kupakua programu ya Lichess, isiyotoza hata senti wala kuonyesha matangazo, na kucheza dhidi ya kompyuta hata bando likiisha. Tanzania ina chama chake cha sataranji ambacho ni mwanachama wa FIDE, kwa hiyo kijana akiiva, njia ya kumfikisha kwenye mashindano ya taifa ipo.

Njia hiyo huanzia shuleni. UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na za sekondari, hukusanya watoto kila mwaka kwa mpira, netiboli na riadha, na walimu wa michezo wanajua kwamba wapo watoto wasioweza kukimbia lakini wanaoweza kukaa saa mbili wakifikiri. Kasulu ina chuo cha ualimu. Mwalimu mwanafunzi akijifunza hatua za aina sita za kete za sataranji kabla hajapangiwa kituo, ataondoka nazo hadi kijiji chochote atakachopelekwa. Maafisa michezo wa Kasulu na Kibondo waanze na shule mbili kila wilaya na moja ndani ya Nyarugusu, wawape watoto mbao, karatasi za kuandikia hatua na mtu mmoja anayeujua mchezo, na mwisho wa muhula wazikutanishe shule hizo kwa mashindano ya siku moja.